Ruhusa ya Kurudia Kipimo

Koni ya kupimia zege ilipoinuliwa, zege halikukaa. Upande mmoja ulimeguka ukaporomoka mpaka ukingoni mwa sahani ya chuma, upande wa pili ukabaki umeinama. Mdogo wangu kazini, binti mhandisi mwenzangu aliyetoka chuo (nitamwita hivyo, jina lake libaki lake), akalaza chuma cha kushindilia juu ya koni, akashusha futi kamba, akapima, akaandika daftarini. Kisha akawageukia mafundi.

"Hili halipandi juu."

Tulikuwa Raskazone, kwenye nyumba ya ghorofa inayotazama bahari, siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Jua la Tanga la saa nne asubuhi mnalijua. Mashine ya zege inanguruma, vibarua wamejipanga kwenye ngazi ya mirunda wanapokezana ndoo, mama lishe ameshainjika sufuria chini ya mwembe. Siku ya zege kila mtu ana haraka. Vibarua wanalipwa kwa siku, saruji ikishalowa haingoji mtu, na neno "simama" halina rafiki.

Fundi mkuu akamtazama, akatabasamu. "Sawa bibie, tumekusikia."

Mashine ikaendelea kuzunguka.

Binti akaenda kusimama mguuni mwa ngazi, daftari kifuani, ndoo ya kwanza ikakosa pa kupita. Hapo simu zikaanza. Fundi akampigia mkandarasi, mkandarasi akanipigia mimi, na mimi wakati wote huo nilikuwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo nikikagua shimo la majitaka. Nikazunguka, nikaangalia daftari, nikaangalia zege, nikasema mwenye koni ameshasema. Mchanganyiko ule ukaenda kutandazwa kwenye njia ya magari, maji yakapunguzwa, kazi ikaendelea mpaka jioni.

Ingekuwa hadithi nzuri ya kuweka mtandaoni tarehe 23 Juni, siku ya wanawake wahandisi duniani. Picha ya binti na helmeti nyeupe, makofi, moyo mwekundu, tumemaliza.

Ila jioni, kwenye bajaji, tukiikaribia Mkwakwani, akaniuliza: "Dada, hivi ningekuwa nimekosea, ingekuwaje?"

"Hukukosea," nikamwambia.

Hakuwa ameuliza hilo.

Kipimo chenyewe

Swali lile lilinikaa wiki kadhaa. Nilienda nalo Pongwe, nikarudi nalo. Nililala nalo. Mwisho nikamwita tunywe madafu, nikamwomba anieleze asubuhi ile ilivyokuwa kwa upande wake, na ndipo akanipa nusu ya pili ya habari.

Kwa wasioijua koni: ni ya chuma, kimo chake milimita 300, upana chini 200, juu 100. Unailowesha, unaiweka kwenye sahani iliyotulia, unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia mara 25. Unaiinua wima, taratibu, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani. Michoro yetu ilitaka kati ya milimita 75 na 100. Yeye alipata 150 na ushee.

Lakini zege likimeguka upande, namba uliyoipata haihesabiki. Unachota sampuli nyingine, unarudia. Likimeguka tena, basi zege lenyewe halina mshikamano, na hilo nalo ni jibu. Hakuna anayehitaji kuwa bingwa ili alijue hili. Ni maabara ya mwanzo mwanzo chuoni.

"Nilijua natakiwa kurudia," akasema. Alikuwa anachokoa nyama ya dafu, hanitazami. "Nilitaka kurudia. Lakini dada, wote walikuwa wananiangalia. Ningechota tena wangesema, huyu hata mwenyewe hajiamini. Kwa hiyo nikaandika ile namba, nikaisimamia."

Maji yalikuwa yamezidi kweli. Hata bila koni ungeyaona yakielea juu ya ndoo. Uamuzi wake ulikuwa sahihi, na ningeutetea popote. Ila njia aliyoupatia haikuwa ya kihandisi. Alisimamia namba ambayo mwenyewe hakuiamini, kwa sababu kuirudia kungemgharimu zaidi.

Aliogopa kurudia kuliko alivyoogopa kukosea.

Nikamkumbuka kijana mmoja mhitimu, wa kiume, tuliyefanya naye kazi kwenye saiti nyingine. Koni ilimshinda siku yake ya kwanza. Sahani ilikuwa imekaa upande, akaitukana sahani, akamwambia kibarua "hebu nishikie hapa kaka", akarudia, akarudia tena, watu wakacheka, yeye akacheka nao. Baada ya chakula cha mchana hakuna aliyekumbuka.

Shaka ni sehemu ya hesabu

Nilichagua kazi hii nikidhani ni kazi ya watu wenye uhakika. Ilinichukua muda kuona kwamba ni kinyume chake. Chukua hesabu ya slabu ya kawaida, kwa zile kanuni za Kiingereza ambazo wengi wetu tulisomea. Uzito wa jengo lenyewe tunauzidisha kwa 1.4. Uzito wa watu na makabati yao tunauzidisha kwa 1.6. Nguvu ya zege tunaigawanya kwa 1.5, maana hatuamini kwamba zege la saiti litafanana na la maabara. Ni kama mama anayepikia shughuli: idadi ya wageni anaijua, na bado anaongeza kibaba.

Halafu tunamwaga zege la sampuli kwenye maboksi ya milimita 150 kila upande, likiganda tunavivunja vipande hivyo kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28 kupima nguvu yake, kwa sababu bado hatujaamini. Na ukijenga karibu na bahari unaongeza unene wa zege linalofunika nondo, ile tunayoiita kava, kwa sababu upepo wa chumvi hauna subira. Maji yakizidi kwenye mchanganyiko, yakikauka yanaacha vijitundu. Chumvi inapita humo mpaka kwenye nondo, nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani. Tembea tu barabara za karibu na bahari hapa mjini uangalie chini ya vibaraza vya nyumba za zamani. Utaziona nondo zimechungulia nje, rangi ya kahawia.

Kwa hiyo taaluma nzima imejengwa juu ya watu waliokubali kusema "hatuna hakika, tuongeze, tupime, turudie". Halafu tunampeleka binti wa miaka 24 saiti na kumpa sharti moja ambalo halikuandikwa popote: wewe usionekane huna hakika hata siku moja.

Baada ya jengo kuanguka Kariakoo Novemba 2024 na watu zaidi ya 20 kufariki, wateja wangu wawili watatu walianza kuniuliza mambo ambayo zamani hawakuyajali: nani anapima zege, nani anasaini. Nawajibu. Kitu ambacho hakuna mteja ameniuliza ni kama huyo anayepima anaruhusiwa kusita.

Mlango umefunguliwa, nafasi ni nyembamba

Sisemi kwamba wanawake tunakataliwa. Hayo ya "mwanamke na nondo wapi na wapi" kwa Tanga yamepungua sana, na ukiyasikia ni ya mtu mmoja mmoja. Mkoa huu umewahi kuwa na Katibu Tawala mhandisi mwanamke, Mhandisi Zena Said, ambaye mwaka 2021 akawa Katibu Mkuu Kiongozi wa Zanzibar. Bandari imechimbwa, kina kwenye gati kikatoka mita 3 kwenda 13. Bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Barabara ya Pangani inajengwa kuelekea Saadani na Bagamoyo. Kazi hizi zimeleta mabinti wengi wenye buti na vizibao vya kung'aa, mpaka mama wauza matunda wa Kange hawageuki tena kuwatazama.

Mambo ya choo nitayasema kwa kifupi maana mnayajua. Saiti nyingi ndogo hazina choo, au kipo kimoja kisicho na komeo, na mabinti wanajizuia kunywa maji kutwa nzima kwenye joto hili. Buti za namba 37 hazipatikani, unavaa 40 na soksi mbili. Sheria ya usalama mahali pa kazi ipo tangu 2003. Komeo la choo ni shilingi elfu chache. Sina la kuongeza.

Ninalotaka kulitazama ni lile linalokuja na sifa.

"Mabinti wako makini." Hii nimeisikia kwa makandarasi wengi, na wanaisema kwa nia njema. Mabinti hawali rushwa, mabinti wanaandika vizuri, mabinti hawapotezi karatasi. Kwa hiyo binti makini anapewa dawati. Anapewa faili za vipimo, ripoti ya wiki, picha za maendeleo, usalama, mazingira, mikutano na wanakijiji. Dawati lina feni. Kijana aliyemaliza naye chuo mwaka mmoja yuko nje na fomeni, anachomwa na jua, anagombana kuhusu mirunda.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahandisi wahitimu mwaka 2003. Ni miaka mitatu, na Norway iliwahi kuwafadhili wahitimu wa kike ndani ya mpango huo. Mhitimu anaandika alichofanya, msimamizi wake anathibitisha. Nimesaini madaftari ya namna hiyo na nimesoma ya wengine. Ukiweka la binti na la kijana kwenye meza moja, utaona kurasa za kwake ni safi, mwandiko mzuri, na vitenzi vyake ni kuandaa, kufuatilia, kuwasilisha, kuhifadhi. Vya kijana ni kubomoa, kupima upya, kukataa, kubadilisha.

Sasa sifa ya umakini ikishakuganda, huwezi kuivua. Mtu makini hakosei. Ukikosea mara moja, hukukosea wewe tu, umeiangusha sifa yenyewe, na ya yule anayekuja baada yako.

Nakiri kuna siku nalitamani lile dawati. Nilipokuwa nanyonyesha nililitamani sana. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84 za uzazi, 100 kama ni mapacha, na akirudi kazini anastahili hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Saa mbili ni nyingi ukiwa ofisini Chumbageni. Ukiwa saiti barabara ya Pangani na mtoto yuko mjini, zinaishia njiani, vumbi puani, na maziwa yameshalowesha kizibao. Kwa hiyo simlaumu anayelichagua dawati. Nauliza tu ni wangapi walilichagua na ni wangapi walisifiwa mpaka wakakaa.

Upande wa fundi mkuu

Nilikuwa nimeshajiandalia hitimisho langu: mfumo dume, fundi mkuu na tabasamu lake, basi. Halafu nikakutana naye dukani, ananunua misumari, nikaona afadhali nimuulize mwenyewe.

Nikamwamkia, ni mtu mzima kwangu. Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za bei ya mbao. Ndipo nikamwambia kuhusu siku ile.

"Mama injinia," akasema, "mimi sikumkataa kwa kuwa ni mtoto wa kike. Hawa wanaotoka chuo wote wananisumbua, wa kike wa kiume. Lakini wale wavulana jioni wananifuata. Mzee, hii vipi, mzee, ile mlifanyaje. Huyu binti tangu amekuja hajawahi kuniuliza hata kitu kimoja. Anakuja, anaangalia, anaandika, anaondoka. Mimi najua nini? Najua ameniona sina maana."

Nikabaki na mfuko wangu wa rangi mkononi.

Si kwamba maneno yake yalifuta lile tabasamu. "Bibie" ni bibie, na mvulana angeambiwa "injinia" hata kama anatetemeka. Lakini alichokiona yeye kwenye ukimya wa binti ni dharau. Binti alinyamaza ili asidharauliwe. Wamekaa saiti moja miezi, kila mmoja akiamini mwenzake anamwona si kitu.

Kijiweni, saa tatu usiku

Neno moja la fundi ndilo lililonisumbua baada ya hapo. Jioni. Wanamfuata jioni wapi?

Nikamuuliza mwenzangu mmoja, mhandisi wa kiume tuliyeanza naye kazi zamani. Tunataniana, kwa hiyo hakuogopa kunijibu.

"Unadhani jedwali la kukunja nondo nilijifunzia chuo?" akacheka. "Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naliangalia naona giza. Kuna mzee mmoja, fundi nondo, anakunywa kahawa Ngamiani. Nilikuwa naenda kukaa pale. Simwambii kwamba sijui. Namwambia, mzee hebu niambie, nyie zamani ringi za kwenye maungio ya nguzo mlikuwa mnazipangaje? Basi anashika kijiti, anachora chini mchangani. Kesho yake naenda saiti natoa amri kama mimi ndiye niliyeigundua chuma."

Mnavijua vijiwe hivyo. Birika kwenye mkaa, kahawa chungu, kashata, benchi, meza ya drafti, mabishano ya Simba na Yanga, na Coastal Union ikitajwa kwa heshima ya marehemu hata inapokuwa hai. Pale mzee hakujui cheo. Swali linaingia katikati ya stori, linajibiwa, stori inaendelea. Hakuna anayekumbuka nani aliuliza.

Pale ndipo wanaume wanakorudia vipimo vyao.

Na binti wa Kitanga, mhandisi asiwe mhandisi, hakai kijiweni saa tatu usiku. Ataolewa na nani, mama yake ataambiwa nini sokoni, na huyo mzee mwenyewe atakaaje naye. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, wala hakuna anayehitaji kuisoma.

Nikawaza na mimi nilijifunzia wapi. Nilijifunza kwa baba yangu mdogo, aliyekuwa fundi, barazani kwetu, kwa sababu alikuwa ndugu na hakuna aliyeweza kusema kitu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiamini nilifika nilipo kwa juhudi. Juhudi zilikuwepo. Na baba mdogo alikuwepo.

"Sasa unataka nanyi mje kijiweni?" mwenzangu akauliza.

"Kahawa yenu chungu," nikamwambia.

Barazani kwangu

Nilichofanya si kikubwa, na sijui kama ni sawa. Nimeanza kuwaita Jumamosi asubuhi nyumbani kwangu Chumbageni: mdogo wangu, wenzake wawili walioko kwenye miradi mikubwa, na mmoja wa chuo aliye likizo. Kuna chai, mbaazi na mahamri. Sharti ni kwamba kila anayekuja alete jambo moja asilolijua. Asiye nalo hali.

Wiki ya kwanza walileta maswali ya mtihani, yale ambayo majibu wanayo. Niliwaona wanavyonitazama kuhakikisha nimeona kwamba wanajua. Mpaka yule wa likizo, mdogo kuliko wote, aliposema: "Mimi sijui kutumia pima maji ya mpira. Naonaga watu wanashika tu huko na huku." Kikapita kimya. Kisha mmoja wa wale wa miradi mikubwa, binti mwenye gari la kazi na laptopu, akasema polepole kwamba na yeye hajawahi kuishika.

Tukaichukua ya jirani, tukapima kibaraza changu. Kimeinama.

Nilimwalika pia fundi mmoja mzee wa Makorora, amestaafu, mwenye ulimi mtamu na magoti mabovu. Alikubali kwa shauku kupita kiasi. Jumamosi ilipofika akaja na mkewe.

Bibi alikaa kwenye mkeka, akatuchunguza mmoja mmoja, akachunguza nyumba, akaonja mbaazi akasema chumvi kidogo. Alipojiridhisha kwamba hapa kweli panazungumzwa zege tu, akaanza kuchangia. Ikatokea kwamba enzi za ujana wake alikuwa akibeba maji ya ujenzi kichwani, ndoo kwa ndoo, kwenye majengo ya hapa mjini. Mume anaeleza uwiano wa mchanga na kokoto, mke anamkatiza: "Zege lenye maji mengi utalisikia. Halikwaruzi koleo. Linafanya chubwi. Sisi tulikuwa tunajua kabla ya fundi, lakini nani angetuuliza?"

Mabinti wakaacha kuandika, wakamgeukia yeye. Mzee akanywa chai yake.

Kuna kitu kinanisumbua na hizi Jumamosi. Kama swali la binti linaulizika barazani kwangu tu, penye pazia na mahamri, basi saiti imebaki vile vile. Yule fundi mkuu bado hajaulizwa kitu. Nimejenga kijiwe cha pili kando ya kile cha kwanza, na vijiwe viwili havifanyi saiti moja. Mmoja wa mabinti aliniambia wazi: "Dada, hapa raha, lakini Jumatatu naenda kunyamaza tena."

Halafu yule kijana wa sahani, aliyerudia koni mara tatu, alisikia habari zetu akaomba kuja. Wakabishana kwelikweli. Wawili walisema akija kila mtu ataanza tena kujifanya anajua. Mmoja akasema akija ndiyo zoezi. Mdogo wangu hakusema kitu mpaka mwisho, kisha akasema aje, ila alete swali kama wengine.

Akaja na maswali manne. Hana aibu hata kidogo! Anauliza huku anatafuna, anauliza jambo ambalo limejibiwa dakika mbili zilizopita. Mwanzoni mabinti walikuwa wanatazamana na kubinua midomo. Kwenye swali lake la tatu, kwa nini nondo kuu za kibaraza kinachoning'inia zinakaa juu na si chini kama za slabu nyingine, mdogo wangu alimkatiza.

"Subiri. Mimi naijua kwa hesabu tu. Siioni kwa macho. Mzee, tuoneshe."

Mzee akavua kandambili ya mpira, akabana kisigino chake ukingoni mwa meza, mbele ikaning'inia hewani, akaisukuma ncha kwenda chini. Juu ya kandambili, pale ukingoni, mpira ukavutika na ufa wa zamani ukafunuka. "Hapo panapofunguka ndipo panapotaka chuma," akasema. "Ukiziweka chini, siku ya harusi watu wakisimama kibarazani kumwangalia bibi harusi, wanashuka wote." Bibi akasema astaghfirullah, usiseme hivyo na watu wanakula. Kijana akataka kujua je, kandambili ikiwa nene zaidi. Binti mmoja akasema unene hausaidii kama nondo ziko mahali pabaya, mwingine akasema unasaidia kidogo, wakaanza kubishana kwa namba, na mzee akabaki na mguu mmoja mtupu akiwasikiliza.

Jumamosi ijayo ni zamu ya ngazi, maana kuna mmoja ana ngazi ya zege inayopinda na hakubaliani na michoro yake. Nimemtumia salamu fundi mkuu wa Raskazone kupitia mkandarasi. Amejibu kwamba ataangalia nafasi, na ameuliza kama chai ina tangawizi. Mbaazi napika mimi. Mahamri kila mtu aje na yake, maana yule kijana anamaliza.